Mbwa wako si mashine ya kutotoa vijibwa, na maswali mengine

Tangu niseme naunga mkono kaunti zitunge sheria ya kubana watu wanaozalisha mbwa ovyo, simu yangu haijapumzika. Nusu mnanishukuru, nusu mnaniuliza nimelipwa na nani. Sijalipwa na mtu. Nimechukua maswali machache, yale ya "nipee jina kali ya mbwa" nimeyaruka.

Shepadi wangu wa kike ana miezi 8 na ameingia joto mara ya kwanza. Jirani ako na dume safi sana. Nimpandishe? (Kitengela)

Hapana.

Na mkome kuniuliza hili swali kila mwezi jameni. Miezi 8 huyo bado ni mtoto, mifupa haijakomaa, na ile eksirei ya nyonga ya kuonyesha kama atakuja kuburuta miguu ya nyuma huwa inategemewa akishafika kama miaka 2. Halafu hiyo "dume safi" ni safi aje, amepigwa eksirei ama ameoshwa tu?

Maltese wa kike ni pesa ngapi siku hizi? (Ruiru)

Mimi siuzi mbwa.

Mbwa ni wangu, boma ni langu, unga nanunua mimi. Kaunti inaingilia wapi? (Nakuru)

Inaingilia kwa Katiba. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kwa kazi za kaunti utapata udhibiti na maslahi ya wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa hapo wazi tangu 2010. Kwa hivyo hii si kitu nimeota.

Lakini wacha Katiba kidogo tupige hesabu. Mbwa anabeba mimba siku kama 63 na anaingia joto karibu mara mbili kwa mwaka. Sasa mtu ako na majike 5 nyuma ya ploti, kila joto anapandisha, kila mmoja akizaa 7 hiyo ni vijibwa 70 kwa mwaka kutoka kwa ploti moja ya futi hamsini kwa mia. Wanaenda wapi wote? Wenye rangi nzuri wanauzwa, wale wamefikisha miezi mitano na hakuna mtu ameuliza bei wanawekwa kwa gunia usiku, pikipiki inawamwaga karibu na dampo, na kuanzia hapo ni mbwa wa kila mtu, wangu na wako na wa yule mtoto anapita hapo saa kumi na mbili asubuhi akienda shule. Wewe umekula pesa ya wale wazuri, mtaa umebaki na hao wengine, halafu unaniuliza kaunti inaingilia wapi.

Na hakuna mtu amesema usizalishe. Angalia Uingereza, na hapa sisemi tuige kila kitu chao. Kwa kanuni zao za 2018, ukizalisha mizao mitatu au zaidi ndani ya miezi 12 na uuze, lazima uwe na leseni ya baraza la eneo lako, si ya serikali kuu, ya baraza pale pale mtaani. Ukipewa, jike hapandishwi kabla ya miezi 12, hazai zaidi ya mara moja kwa mwaka, mizao yake yote haipiti sita, na akishapasuliwa mara mbili kutoa watoto basi, amestaafu. Kijibwa hakiuzwi chini ya wiki 8. Halafu Aprili 2020 wakaongeza ile wanaita Lucy's Law, kwa jina la mbwa aliyeokolewa kutoka kwa shamba la kuzalisha, kwamba dalali haruhusiwi tena kuuza kijibwa cha chini ya miezi 6, mnunuzi aende kwa aliyezalisha mwenyewe ama achukue mbwa wa kuokolewa. Hebu niambie hapo ni kipi kinamuumiza mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Nilinunua Japanese Spitz kwa jam Thika Road, siku ya tatu ameanza kutapika na kuhara damu. Nimempa maziwa na mkaa uliosagwa. Niongeze nini?

Uongeze nauli umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hii, usingoje nimalize kuandika. Hizo ni dalili za pavo, ugonjwa wa virusi unaoua vijibwa, anahitaji dripu, maziwa yanamuongezea kuhara na mkaa haumsaidii. Akipona ama asipopona usilete kijibwa kingine hapo nyumbani kabla hicho kingine hakijamaliza chanjo, hiyo virusi inakaa kwa udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haiiui, osha sakafu na Jik, ile dawa ya klorini, iliyochanganywa na maji.

Sikucheki, hata mimi niliwahi kununua hivyo hivyo, kupitia dirisha la gari, taa ilikuwa nyekundu nikalipa kabla haijageuka kijani. Niliambiwa amechanjwa zote. Ana wiki ngapi? "Sita boss." Chanjo ndiyo kwanza zinaanzia wiki ya sita mpaka ya nane na zinarudiwa mpaka wiki ya 16, sasa "zote" zilichanjwa lini? Sikufikiria hapo. Alikufa siku ya tano na namba ya muuzaji haikupatikana tena. Sheria ya leseni ingesaidia hapa tu, kwamba anayeuza ako na jina, ako na mahali, unaweza kumrudia.

Brida, yaani huyu mzalishaji wa mbwa, amenionyesha karatasi za East Africa Kennel Club. Si hiyo inatosha?

Karatasi inakuambia babu yake ni nani. Ni kitu kizuri lakini haikuambii kama anapumua vizuri. Uliza mama ako wapi, umuone kwa macho, amelala wapi, ana miaka mingapi, amezaa mara ngapi. Ukiambiwa "mama ako shamba", panda matatu urudi nyumbani. Na wale mnaotafuta hawa wa pua zimebonyea, jueni wengi wao hawawezi hata kuzaa bila kupasuliwa.

Mbona msipige tu marufuku mbwa wakali kama Boerboel, shida iishe?

Waingereza walipiga marufuku pit bull 1991. Baadaye akaingia mbwa mwingine mkubwa zaidi aliyetokana na damu hiyo hiyo, XL Bully, ikabidi tena mwisho wa 2023 wapige marufuku kumzalisha na kumuuza. Ukifunga jina la mbwa, mtu anabadilisha jina. Funga yule anayetengeneza.

Na sisi Tanzania? (Arusha)

Mna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Anza na diwani wako.

Hiyo sheria yako itageuka hongo ya kanjo, askari wa kaunti. Mwenye mbwa mmoja, Simba, wa kulinda mbuzi atashikwa, hao wakubwa wa Karen wataachwa. (Kayole)

Huyu ameuliza swali la maana kuliko nyote. Naogopa kitu hicho hicho. Tayari kuna sheria ya zamani ya kichaa cha mbwa, Cap 365, na tumeona mitaa ikiwekewa nyama ya sumu kwa jina la afya ya umma, wanakufa waliochanjwa na wasiochanjwa pamoja, baada ya muda mfupi nafasi imejazwa na wengine ambao hawajawahi kuona sindano. Ugonjwa unazuiwa na chanjo, lengo linalojulikana ni angalau asilimia 70 ya mbwa, hata mkakati wa Kenya wa kumaliza kichaa kufikia 2030 umesimama juu ya chanjo, si sumu.

Kwa hivyo sheria iandikwe nyembamba. Leseni ni ya anayezalisha na kuuza. Mwenye Simba wake mmoja asitozwe kitu, apewe chanjo ya bure na akitaka kumhasi asaidiwe gharama. Mkaguzi awe daktari wa mifugo, na faini ilipwe kwa akaunti ya kaunti, isipite mkononi mwa mtu. Mswada ukija bila hayo, mimi mwenyewe nitaupinga na nitasimama na wewe.

Sawa, tumekubali. MCA wetu, mjumbe wa bunge la kaunti, hata hajui tunaongea nini. Tuanzie wapi? (Juja)

Msimngoje. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Andikeni ukurasa mmoja, msiandike historia ya mbwa tangu Nuhu, semeni mnataka nini na kwa nini, wekeni sahihi na namba za vitambulisho, pelekeni kwa karani wa bunge na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mswada ukitoka lazima waite maoni ya umma, na mara nyingi tangazo linakuwa dogo gazetini na kikao ni Jumanne saa nne asubuhi wakati mko kazini. Ombeni ruhusa. Nendeni na yule mama ambaye mtoto wake aliumwa na mbwa akamaliza sindano zote, aongee yeye. Na mfike mapema, mabrida huwa wameshajaza viti vya mbele.