Maswali ya wasomaji: Niweke "on the contrary" au "on the other hand"?

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Kibirizi hapa Kigoma, nauza dagaa na migebuka, na siku hizi nina mteja wa nje tunaandikiana imeili kwa Kingereza. Juzi nimemwandikia "Our dagaa are not sandy. On the other hand, we dry them on racks", akanijibu anauliza kwani hizo chanja zina shida gani. Mwanangu anasema ningeweka on the contrary, baba yake anasema yote sawa tu. Nani mkweli?
Mama Dagaa, Kibirizi

Marahaba dada. Mtoto kakaribia, baba kachemka.

On the other hand unaiweka pale jambo lina pande mbili na zote za kweli, wa kwanza unauacha ulivyo alafu unaleta wa pili unaovuta kwingine. Mtu anapanga safari ya Dar anasema "The train is slow. On the other hand, it is cheap", yaani inachelewa kweli na nauli nafuu kweli, amua mwenyewe. Sasa wewe umeanza na sifa, mteja alivyoona on the other hand akajua sifa zimeisha zinakuja kasoro, basi akaanza kuitafuta kwenye chanja zako, wala simlaumu.

On the contrary ni ya kupinga. Kuna wazo mtu analo au anaweza kuwa nalo, wewe unalikataa, ndo maana mara nyingi sentensi ya kwanza ina "not" ndani yake: "Lake Tanganyika is not shallow. On the contrary, it is the second deepest lake in the world." Ona hapo, sentensi mbili zinaelekea kulekule, moja imekataa, nyingine imepigilia (na ni kweli, kwa kina tunazidiwa na Baikal ya Urusi tu). Ukitaka kulinganisha vitu viwili tofauti bila kumbishia mtu, chukua in contrast: "Lake Victoria is about 80 metres deep at its deepest point. Lake Tanganyika, in contrast, goes down more than 1,400 metres."

Kwa hiyo kwenye dagaa, mwanao angepata kama ingefuata "they are very clean". Ila chanja sio kinyume cha mchanga, chanja ni sababu ya mchanga kutokuwepo. Na kibiashara mimi on the contrary nisingeiweka kabisa, inasikika kama kuna mtu kashakulalamikia. Andika tu "We dry our dagaa on racks, so there is no sand in them." So hiyo fupi inatosha, watu wanaidharau bure.

Mwalimu, kila nikiandika "Although it rained, but the boat left" nakatwa maksi. Mbona Kiswahili tunasema ingawa mvua ilinyesha lakini boti iliondoka?
Kidato cha tatu, Ujiji

Unakatwa kihalali. Kiswahili kinaruhusu ingawa na lakini zikae pamoja, Kingereza kinataka moja tu, although au but, chagua. However nayo usiibandike baada ya mkato kama but, weka nukta kwanza: "It rained. However, the boat left." Na despite haipokei sentensi nzima, inataka jina: "Despite the rain, the boat left."

Aya ya mwisho ya insha nianze na At last?
Mwanafunzi, Tabora

Hapana. At last ni ya kitu umekisubiri mpaka umechoka, "At last the train came", hiyo watu wa Tabora mnaijua vizuri. Ukifungia nayo insha, msahihishaji ataona hata wewe ulikuwa unaomba iishe. Andika Lastly kama ni hoja ya mwisho, au In conclusion kama unafunga. Alafu punguza Moreover, nimezikuta tatu kwenye aya moja ya insha uliyonitumia, na mbili kati yake hazikuwa zinaongeza hoja yoyote, zilikuwa zinarudia ileile ya mwanzo.