Mbuna ni spishi, aina au jamii?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi natembeza wageni hapa Matema, Kyela. Tunataka kusimamisha bango pale wanapopandia mitumbwi kwenda kuangalia samaki wa kwenye miamba. Nimeandika hivi: 'Ziwa Nyasa lina aina za spishi zaidi ya 800 za mbuna, ambazo ni samaki wa maji baridi wa jamii ya perege.' Jirani yangu anayefundisha sayansi anasema mbuna si spishi. Mchora bango anasema niandike 'ambao', si 'ambazo'. Na wageni kutoka Dar es Salaam wamenicheka kwa hayo 'maji baridi', maana wameyaoga na wameyakuta ya uvuguvugu. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, kijana wangu, na ndaga fijo kwa swali linalonukia ziwa. Wiki tatu mfululizo nimekuwa nikijibu ugomvi wa "kwa niaba" na "kwa ajili", nilikuwa nimechoka.

Tuanze na mchora bango. Amepatia, ingawa wewe nawe unaweza kujitetea kidogo. Ukisema "spishi za mbuna, ambazo", unaweza kudai kuwa "ambazo" inarudi kwenye spishi, na spishi ni nyingi, ni hizi. Lakini umeweka mbuna jirani kabisa na "ambazo", na msomaji aliyesimama juani na jaketi la kuokolea shingoni hatarudi nyuma kutafuta spishi. Tena kinachoelezwa kuwa ni samaki ni mbuna wenyewe. Mbuna ni viumbe hai, na viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA hata umbo la jina likidanganya: kipepeo anaruka, kambale ameteleza, mbuna hawa wamejificha. Na hata jina likianza na u-, kama utaka, wale wa ziwa lenu wanaoogelea kwa makundi kwenye maji ya wazi wakila vijidudu vinavyoelea, utasema utaka wale wamehama. Najua wavuvi husema "usipa umeadimika mwaka huu" na siwakatazi. Hapo usipa ni mzigo, kama mtu anavyosema mchele umepanda. Bango lako linasimulia walio hai.

Mimi mwenyewe niliumbuka juzi sokoni Mwanjelwa. Nilimwuliza mama mmoja, "Hii perege shilingi ngapi?" Akamwinua samaki kwa mkia, magamba bado yanametameta, akanijibu, "Huyu elfu saba, baba. Yule mwenye tumbo elfu kumi." Samaki amekufa tangu alfajiri, amelazwa juu ya kipande cha salfeti, lakini kwa yule mama bado ni huyu. Nililipa bila kuomba punguzo.

Kuhusu maji baridi, hao wageni wako wa pwani wamesahau lugha ya kwao. Huko pwani, maji yalikuwa ya namna mbili: ya chumvi yaliyo baharini, na yale ya kisimani na mtoni yanayonyweka. Haya ya kunywa ndiyo yaliyoitwa maji baridi, maji matamu, na katika Kiswahili cha zamani hata maji ya pepo. "Baridi" hapo haipimwi kwa kipimajoto. Ni kinyume cha ukali. Angalia orodha ya vinywaji hotelini: soda iliyoshinda juani bado ni kinywaji baridi, kwa sababu upande wa pili wa ukurasa kuna vinywaji vikali. Kwa hiyo samaki wa Matema ni wa maji baridi hata ziwa likiwa na uvuguvugu, kama alivyo wa maji baridi yule anayetetemeka mtoni huko Kitulo. Wanaotusumbua ni ndugu zao wadogo wa Ziwa Natron, wanaoishi kwenye maji ya magadi yenye joto la karibu nyuzi 40. Hao hawaingii kwenye "maji baridi" kwa maana yoyote ile. Bahati nzuri bango lako haliwahusu.

Sasa tuje kwenye kiini. "Aina za spishi" ni sawa na kusema "aina za aina", moja ifutwe. Lakini ipi? Aina ni kama tenga: unatia humo ukubwa wowote. Mchele wa Kyela ni aina ya mchele, perege ni aina ya samaki, samaki ni aina ya mnyama, na hakuna aliyekosea. Spishi haina ulegevu huo. Ni kipandio kimoja tu kwenye ngazi ambayo wanabiolojia wetu wameizoea: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. (Ndiyo, ngeli, neno lilelile la sarufi. Samaki wako yumo katika ngeli mbili kwa mpigo: kwangu mimi A-WA, kwa jirani yako ile ya samaki wenye mapezi yenye tindi.)

Na jirani yako amesema kweli: mbuna si spishi. Wala si jenasi, wala si familia. Neno lilivuka ziwa kutoka upande wa magharibi, kwa Watonga wa Malawi, ambako huwataja samaki wa miambani. Mwingereza Geoffrey Fryer, aliyechunguza miamba ya Nkhata Bay katika miaka ya 1950, alilikuta huko, na leo wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote hulitamka kana kwamba ni lao. Ukisema "watu wa milimani" hujataja ukoo wa mtu, umetaja anapoishi. Mbuna ndivyo lilivyo. Ndani yake kuna jenasi zaidi ya kumi, na kila jenasi ina spishi zake. Mmoja wao ni Labeotropheus fuelleborni. Wageni wako wakichungulia majini kwa miwani watamwona: pua yake imetokeza mbele ya mdomo kama ukingo wa bati juu ya dirisha, na mdomo wenyewe umefunguka kwa chini. Kwa umbo hilo anaweza kulala sambamba na jiwe na kukwangua mwani bila kusimama wima kama wenzake wanavyolazimika. Jina la pili ni la Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyekusanya samaki ziwani humo enzi za ukoloni wa Kijerumani.

Kwa hiyo "zaidi ya 800 za mbuna" haisimami, na hapo kosa si la lugha. Namba za ukubwa huo ni za sikilidi wote wa Ziwa Nyasa, familia nzima, ambao wataalamu huwakadiria kati ya spishi 700 na 1,000. Utaka wamo, perege wamo, wawindaji wa maji ya wazi wamo, na mbuna ni sehemu tu. Hata hivyo ni ziwa la kujivunia: Tanganyika lina spishi za sikilidi kama 240, na Victoria lilikuwa na furu, sikilidi wadogo wa huko, wa spishi kama 500 kabla sangara hawajawamaliza wengi katika miaka ya 1980. Na usimtie mbasa kwenye hesabu. Najua Kyela nzima humpenda, lakini huyo si sikilidi.

Nimeandika sikilidi. Kama hulijui neno hilo, ni jina la familia, Cichlidae, lililovishwa vokali za Kiswahili, nami nalipendelea kuliko "jamii ya perege". Jamii halina kosa katika mazungumzo. Paka na simba jamii moja, sote tunasema. Lakini "jamii ya perege" humfanya perege kuwa mkuu wa ukoo, wakati naye ni mwanaukoo tu. Ukoo wenyewe hutambulika kwa vitu visivyoonekana haraka: tundu moja tu la pua kila upande, ilhali samaki wengi wana mawili, na jozi ya pili ya mataya ndani ya koo, ya kusagia. Taya la mbele likiachiwa kazi ya kukamata tu, linaweza kubadilika umbo kwa kila namna ya chakula, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya wingi wao. Tena mbuna wote huwalea watoto kwa namna moja: mama huyachukua mayai na kuyaweka kinywani mpaka yaanguliwe. Kiswahili kina neno tayari, huatamia, lile la kuku. Andika "huatamia mdomoni". Watoto watalikumbuka bango lako kwa hilo kuliko kwa namba.

Na huyo perege mwenyewe ana majina mengi kuliko madeni. Huku Nyanda za Juu Kusini, perege ni karibu kila samaki wa jenasi ya Oreochromis atakayelala kwenye sahani. Sato ametoka na magari ya Mwanza, ngege ni wa Ziwa Victoria wa asili, chambo anasikika ng'ambo kwa Wamalawi. Hotelini anaitwa tilapia. Neno hilo alilitunga daktari Mskoti, Andrew Smith, mwaka 1840, kutokana na tlhapi la Kitswana, ambalo maana yake ni samaki. Basi "samaki aina ya tilapia" ni "samaki aina ya samaki", kama Ziwa Nyasa lilivyo "Ziwa Ziwa". Usiyafute, yameshazoeleka, lakini cheka kidogo.

Zamani sato aliandikwa Tilapia nilotica. Leo ni Oreochromis niloticus. Kwa nini mkia wa jina la pili umebadilika? Ethelwynn Trewavas, mwanamke wa makumbusho ya London aliyechapisha muhtasari wa sikilidi wa Ziwa Nyasa mwaka 1935, aliendelea na kazi hiyo hadi 1983, alipotoa kitabu kikubwa kilichowatenga perege kwa malezi yao: wanaotaga chini na kulinda mayai upande mmoja, na wale ambao mama huatamia mdomoni upande mwingine, ndani ya Oreochromis. Sato akahamishwa. Sasa, Tilapia katika Kilatini huchukuliwa kuwa jina la kike, na Oreochromis la kiume, kwa hiyo kivumishi kikalazimika kufuata: nilotica ikawa niloticus, na esculenta ya ngege ikawa esculentus. Upatanisho wa kisarufi! Mama wa Mwanjelwa na wataalamu wa London wanahangaika na jambo lilelile.

Majina haya yana ukaidi pia. Huko Rungwe, katika ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, la Kyungululu, kuna perege asiyepatikana kwingine, aliyepewa jina mwaka 1924 na Mjerumani Ernst Ahl. Aliandika chungruruensis, kwa jinsi masikio ya Kijerumani yalivyolisikia jina la ziwa. Leo samaki ni Oreochromis chungruruensis, na kanuni haziruhusu kumrekebisha kwa sababu tu wenyeji hutamka vingine.

Nisije nikakufanya uichukie "aina", nikupeleke Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, hukohuko Rungwe. Ni kreta ndogo, upana wake kama mita 700. Humo yumo sikilidi aitwaye Astatotilapia calliptera, mwenye ndugu mitoni na kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2015 watafiti walieleza katika jarida la Science kuwa samaki hao wanagawanyika: karibu na ukingo madume ni ya njano, na kilindini, kwenye mwanga hafifu, ni ya bluu, na maumbile yao ya kurithi yanaonyesha kuwa utengano ulianza ndani ya miaka kama 1,000 iliyopita. Je, ni spishi mbili? Bado hawajafika huko, wamo njiani. Ukiandika "spishi mbili" umewaozesha kabla ya mahari. Ukiandika "rangi mbili" umewapunja, maana wanatofautiana hata umbo na chakula. Andika "aina mbili". Neno letu la tenga linabeba hapo kitu ambacho neno la ngazi halijakiweza, na hilo ndilo jibu langu kwako: spishi pale ulipo na uhakika wa kipandio, aina pale usipokuwa nao, lakini kamwe si yote mawili kwa pamoja.

Bango lako basi, kwa maoni yangu, lisomeke hivi: "Miamba hii ni makazi ya mbuna, samaki wadogo wa maji baridi wa familia ya sikilidi, ndugu wa perege. Mama huatamia mayai mdomoni. Sikilidi wa Ziwa Nyasa hukadiriwa kuwa kati ya spishi 700 na 1,000, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani." Umeona nilivyosema "zote", si "wote"? Hapo mwisho nazungumzia spishi.

Ukitaka kuongeza jina la kisayansi, L ya Labeotropheus iwe kubwa, f ya fuelleborni iwe ndogo, na maneno yote mawili yaandikwe kwa herufi za mlazo. Mbuna ianze kwa herufi ndogo, hata kama mchora bango anapenda kubwa. Na kama anatoza kwa herufi, mwambie "maji baridi" yabaki, ila "wadogo" anaweza kuifuta. Mgeni ataona mwenyewe.