Kijiji cha Bihar chenye watu 612: je, kinafikika?

Swali: Naandika tasnifu kuhusu usafiri vijijini India. Kwenye sensa ya 2011 nimepata kijiji kimoja cha Bihar chenye kaya 118 na watu 612. Barabara ya kupitika majira yote ipo, ila kwenye safu ya basi la umma kuna herufi "b" tu. Je, niandike kwamba kijiji kinafikika? Na ili nipate idadi ya watu ya leo, niongeze asilimia ngapi? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Jibu: Tuanze na herufi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Huduma isipokuwepo kijijini, orodha ya sensa huonyesha umbali wa ile ya karibu zaidi: "a" ni chini ya kilomita 5, "b" ni kilomita 5 hadi 10, "c" ni kupita 10. Kwa hiyo basi la umma haliingii kijijini kwako. Usikokotoe wastani kwa herufi hizi. "C" inaweza kuwa kilomita 11 au 40. Kabla hujahukumu, tazama safu za jirani: basi la binafsi, bajaji, teksi, hata trekta, kila kimoja kina safu yake. Kijiji kisicho na basi lakini chenye bajaji si sawa na kisicho na chochote.

Sasa barabara. "Majira yote" haimaanishi lami. Katika mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza Desemba 2000, barabara huitwa hivyo ikiwa inapitika mwaka mzima na ina kalvati na madaraja ya kutosha kupitisha maji. Hata kukatika kwa muda mfupi kunaruhusiwa. Kaskazini mwa Bihar, kwenye bonde la mto Kosi, unaojulikana kwa mafuriko, ruhusa hiyo ndogo ina uzito wake msimu wa mvua. Lami na changarawe zina safu zao. Zisome pamoja na hiyo.

Lakini swali ambalo hukuuliza ndilo kubwa zaidi: hao watu 612 wanaishi wapi? Sensa huhesabu kijiji kwa mipaka ya rejista ya ardhi, na ndani ya mipaka hiyo mara nyingi mna vitongoji kadhaa, ambavyo Bihar huitwa tola. Barabara ikifika tola moja, kijiji kizima huandikwa kwamba kina barabara. Tola ya ng'ambo ya mashamba, ambayo mara nyingi ndiyo ya watu wa tabaka la chini, hubaki na njia ya miguu bila takwimu kuonyesha. Ndiyo maana mpango niliotaja hupima kitongoji badala ya kijiji: maeneo ya tambarare hustahili barabara kuanzia watu 500, milimani na jangwani 250. Vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 vinaweza kuhesabiwa kwa pamoja. Watu wako 612 wakiwa tola moja, wamevuka kizingiti. Wakigawanyika tola tatu zilizo mbalimbali, huenda hakuna hata moja inayofika. Fungua picha za setilaiti uhesabu makundi ya nyumba. Ni kazi ya jioni moja tu.

Kuhusu asilimia, usiongeze. Bihar ilikua kwa takriban asilimia 25 kati ya 2001 na 2011, lakini hiyo ni ya jimbo zima, na kijiji kinachopeleka vijana Delhi na Punjab hakifuati jimbo. Andika 612 na mwaka wake, 2011. Wala usiione aibu: sensa ya 2021 iliahirishwa, tarehe ya rejea ya inayofuata, yaani siku ambayo hesabu yake inahusu, ni 1 Machi 2027 kwa sehemu kubwa ya nchi, na awamu ya nne ya mpango huo, iliyoidhinishwa Septemba 2024, nayo inatumia hesabu za 2011.

Kwenye tasnifu ningeandika hivi: "kijiji kina barabara ya majira yote katika angalau sehemu moja, basi la umma la karibu liko kilomita 5 hadi 10." Neno "kinafikika" liweke akiba hadi uzijue tola zake.