Jibu: Chai wakati wa mlo na upungufu wa damu
Ndugu, umeuliza kwa nini kiwango chako cha damu hakipandi ilhali unakula maharagwe na mboga za majani kila siku, na ukataja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kila mlo huusindikiza kwa chai. Mimi ningeanzia hapo hapo. Mwili huhitaji madini ya chuma ili kutengeneza damu; yale yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, na tanini, yaani viambato vinavyoipa chai ukakasi, huyashika tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Kahawa nayo haina nafuu. Kwa hiyo kunywa kikombe chako saa moja au zaidi baada ya kula, na katika mlo wenyewe ongeza chungwa au nyanya mbichi, kwa kuwa vitamini C huyaweka madini hayo katika hali ambayo utumbo huipokea kwa urahisi. Hata hivyo, damu hupungua pia kwa sababu ambazo chakula pekee hakiziondoi, zikiwemo minyoo na hedhi inayotoka kwa wingi, hivyo mwombe daktari akupime feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, pamoja na hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni.