Fundi cherehani nimetumia listi ya kila siku miaka mitano, naomba nijibu kwa kirefu

Dada mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho. Umesema kila asubuhi unaandika listi ya vitu 15, kazi za ofisini, kusoma CPA ya uhasibu ya mtihani wa Novemba, mazoezi, kuacha soda, kumpigia mama nyumbani, afu jioni ukiangalia umetiki vitatu au vinne, wiki ya tatu sa hivi na umeanza kujiona mvivu tu. Na waliotangulia hapo juu wamekwambia vumilia, ukifika siku 21 itakuwa tabia. Hapo kwenye siku 21 nitarudi, ila nianze na yangu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala. Sasa sifa ya mafundi cherehani wa mjini unaijua, "njoo kesho", "imebaki vifungo tu", kumbe kitambaa bado kiko kwenye mfuko vilevile ulivyokileta. Nlikuwa ivyo ivyo na wala sina roho mbaya, yani wakati namwambia mteja njoo Ijumaa nakuwa naamini kabisa kwamba Ijumaa itakuwa tayari. Kilichonishtua ni Idi ya 2019. Ramadhani mafundi tunakesha, kila mtu anataka nguo mpya, na mimi nikapokea kila kilicholetwa mezani. Usiku wa kuamkia Idi kama saa tatu akaja mama mmoja kufata kanzu ya mwanae, mtoto wa miaka kama sita hivi, na kitambaa hata mkasi hakijaguswa. Nikaanza maelezo, mara umeme, mara kijana wangu kaumwa. Hakunitukana. Alichukua mfuko wake akasema haya fundi, Idi njema, akaondoka kamshika mwanae mkono. Bora angenitukana.

Baada ya Idi nikachukua kauntabuku langu la vipimo nikaligeuza, nyuma nikaanza kuandika mambo ya kesho. Na nilianza vibaya kama wewe. Vitu 14, nakumbuka kwa sababu daftari bado ninalo, mashati matano, suti ya bi harusi, sala tano kwa wakati, kukimbia asubuhi, kujifunza kingereza, kuacha sigara, vyote siku moja! Nilienda siku tisa nikaacha, nikarudi baada ya mwezi, nikaacha tena.

Kilichobadilisha mambo ni kitu cha kijinga tu, nilianza kuandika pembeni ya kila kazi nimeanza saa ngapi nimemaliza saa ngapi. Sikuwa na nia yoyote kubwa, nlitaka kujua bei ninayotoza inanilipa au la. Wiki mbili tu nikajiona mjinga mwenyewe. Dera nlidhani ni nusu saa, ni saa nzima na pindo lake. Shati la kiume lenye kola ya kueleweka ni saa tatu kasoro. Suti ya kike yenye bitana, kile kitambaa cha ndani, ni siku nzima na inabaki. Afu nikajumlisha, katika siku ninayofungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, muda ambao kweli niko juu ya cherehani nashona kazi iliyopangwa ni saa tano, siku nzuri sana sita. Zinazobaki zinaliwa na vidogo vidogo, huyu zipu, huyu punguza suruali, huyu kapasuka kwenye daladala nishonee nimesimama hapa hapa.

Kwa iyo dada, listi ya mashati matano ilikuwa uongo toka nilipoiandika usiku, hata kabla sijalala. Na nadhani ya kwako ni hivyo hivyo. Uvivu siuoni hapo, umeandika siku ya masaa arobaini. Pima kwanza wiki moja, usibadilishe chochote, andika tu saa zimeenda wapi, na foleni ya kwenda na kurudi kazini uiweke pia maana hiyo nayo ni sehemu ya siku.

Sa hivi listi yangu ina vitu vitatu vikubwa, basi. Siviandiki asubuhi, naviandika usiku nikishafunga, kabla sijafunika cherehani, kwa sababu asubuhi mteja wa kwanza ndo anakuwa bosi wako, akikuta daftari tupu atakuandikia yeye. Vidogo vidogo havimo ila nimeviachia nafasi yao, kuanzia alasiri mpaka magharibi, ukija asubuhi na suruali ya kupunguza nakwambia iache pitia jioni, wengi wanakubali wala hawanuni.

Kingine, namna ya kuandika. Nikiandika "suti ya bi harusi" hiyo kitu inakaa kwenye listi siku nne, kila nikiiona naanza na kitu kingine. Nikiandika "kata bitana ya suti" naimaliza kabla chai haijaletwa, na nikishakata bitana mkono wenyewe unaendelea. We umeandika "kusoma CPA". Dada, kusoma CPA huwezi kukutiki, hakuna siku utakayosema nimesoma CPA nimemaliza. Andika "maswali mawili ya kodi, kabla sijaoga" uone tofauti. Hapo kwenye "kabla sijaoga" usipaone padogo, kitu kipya kifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kufikiria. Mimi kusafisha cherehani na kutia oili kulinishinda miaka, mashine inalia kama punda mpaka jirani wa fremu ya pili analalamika. Nikaandika hivi, "nikishaagiza chai kwa mama ntilie, natia oili". Chai naagiza kila siku hata nikiwa na homa. Ndo ikakaa.

Na kuna sheria moja niliyojiwekea ambayo inauma. Kitu kikihamishwa mara tatu, leo kwenda kesho, kesho kwenda keshokutwa, hakiruhusiwi kuhama mara ya nne. Ama kinakuwa cha kwanza asubuhi ama nakikata, na kama ni nguo ya mtu kukikata maana yake napiga simu, "dada yangu samahani, kitambaa chako sitaweza tarehe hiyo, njoo uchukue au tupange upya". Simu ya kwanza nlizunguka dukani nusu saa nikiitafutia maneno. Mteja akasema asante kwa kuniambia mapema, na mpaka leo bado analeta. Toka hapo ndo nlijifunza kukataa kazi, hasa za sare za send-off ambazo kamati inakuja na vitambaa 20 siku tano kabla ya shughuli.

Sasa siku 21. Hiyo namba ilianza na daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani miaka ya 60, aliona wagonjwa wake wanachukua kama siku 21 hivi, tena alisema angalau, kuzoea sura yao mpya baada ya kufanyiwa upasuaji. Haihusiani na kuacha soda. Waliopima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake chuo cha UCL kule London, walifatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na kitu kimoja tu alichochagua, ikatoka katikati pake kama siku 66 mpaka kitu kiwe tabia, ila kuna aliyekadiriwa 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Na wakaona kuruka siku moja hakuharibu kitu. Kwangu oili ilichukua kama miezi miwili. Kukimbia asubuhi huu mwaka wa tano na bado, nimeshakufuta kwenye listi nisizeeke na aibu. Kwa iyo wiki yako ya tatu wala usiilie.

Kuhusu app za simu, nimejaribu mbili. Nafungua simu niangalie listi, nakutana na grupu wanabishana Simba na Yanga, nikija kushtuka pasi imeshapoa. Wewe wa ofisini labda utaweza, mimi karatasi.

Lengo langu kubwa lilikuwa mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo zisifumuke, maana nilikuwa napeleka nguo kwa mtu kupigiwa ovaloki na kila nguo namlipa. Kwenye listi ikakaa mstari wa mwisho kila usiku, "elfu tatu kibubuni", kabla ya kufunika cherehani, isipokuwa Jumapili maana hatufungui. Mwaka kasoro wiki kama mbili nikapasua kibubu, 840,000, nikaongezea kidogo nikaenda Kariakoo kuchukua ya mtumba. Ila usiku ule kabla sijaenda nilikaa nikahesabu tiki kwenye daftari nikapata 283. Gawanya ile hela kwa elfu tatu, ni 280. Nikarudia kuhesabu mara mbili. Yani kuna siku tatu niliweka tiki bila kuweka hela, daftari langu mwenyewe, hakuna anayelisoma, na bado nikaliambia "njoo kesho". Siku zenyewe sizikumbuki hata moja.

Ndo maana nakuomba, ile listi yako ya jana ya vitu 15 iweke hapa kama ilivyo, na ambavyo hukufanya uviache vionekane, tukusaidie kukata vya kukata. Usiirembe kwanza.