Serikali "imetekwa" na nani?

Swali: Salamu, Mwalimu. Ninasoma habari katika redio ya mtaani, Kayole. Majuzi nilitangaza kwamba "matajiri wameteka nyara serikali". Msikilizaji akapiga simu kuuliza rais amepelekwa wapi! Kile Waingereza wanachokiita "state capture", yaani matajiri kuigeuza serikali iwatumikie wao, tukiiteje: kuteka nyara, kukamata dola au utekaji wa dola? Na kwani ufisadi hautoshi?

Jibu: Msikilizaji wako simlaumu. Nyara ni mali inayoporwa vitani, kwa hiyo kwa asili yake neno hilo lingefaa kabisa. Lakini tangu maandamano ya Juni 2024, jijini hapa "kutekwa nyara" ni kijana kusukumwa garini na watu asiowajua. Sikio huenda na lilichokizoea.

"Kukamata dola" liache. Chama kikishinda uchaguzi hukamata dola, au huishika, na ni halali yake.

"Utekaji wa dola" ndilo sahihi. Serikali huja na kuondoka, dola hubaki, na mtekaji hajali sana nani yuko Ikulu. Kasoro ni kwamba abiria wa matatu akisikia "dola" atawaza noti za Marekani. (Hajapotea mbali.) Kwa hiyo hewani ningesema "kuitia serikali mfukoni". Hilo halihitaji kamusi.

Ufisadi hautoshi, kwa sababu mtoa hongo hununua afisa ili sheria ivunjwe, ilhali mtekaji hununua sheria yenyewe, kisha hula kihalali. Watafiti wa Benki ya Dunia waliieneza dhana hii mnamo 2000, walipochunguza kampuni zilizojinunulia sheria na amri katika nchi zilizotoka kwenye ukomunisti. Afrika Kusini, tume ya Jaji Zondo, 2018 hadi 2022, ilichunguza jinsi familia ya Gupta, wafanyabiashara, ilivyokuwa na mkono hata katika uteuzi wa mawaziri. Sisi tulikuwa na kashfa ya Goldenberg. Sheria ilimpa muuzaji bidhaa nje fidia ya 20%, lakini kampuni moja ikaahidiwa 35%, tena kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo za kuuza kwa wingi huo.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kauli ya kutendwa. "Serikali imetekwa", nukta. Imetekwa na nani? Kitenzi hicho kinadai "na", nasi tunakinyima. Hata "matajiri" hawajamtaja mtu, wala "mabwanyenye", wala "wenyenchi", utani ninaoupenda mno. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Tangu 2020 kampuni nazo zinatakiwa kumwandikisha mmiliki halisi, si jina la kuazima tu.

Andika barua, uliza zabuni ilipewa nani, kisha useme: "Kanuni hii ilibadilishwa, na aliyefaidika ni kampuni fulani ya fulani." Jina likikosekana, mwambie msikilizaji kwamba umeliomba, na tarehe uliyoliomba.