Kibanda cha mboga kando ya barabara: angalia kwanza kisu

Swali: Salamu, mtaalamu. Bustani yangu ya nyuma ya nyumba inatoa nyanya, mboga za majani na matikiti kuliko tunavyoweza kula. Nataka kuweka meza nje ya uzio, kando ya barabara, niuze ziada. Mke wangu anashauri tuuze pia matikiti ya vipande na achari ya chupa. Je, nahitaji leseni, ilhali mazao ni yangu mwenyewe?

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwa bustani inayozidi mahitaji ya nyumbani. Leseni inategemea sana kama utatumia kisu au la.

Sehemu nyingi, mkulima anayeuza alichovuna mwenyewe, kikiwa kizima na kibichi, hulegezewa masharti. Akianza kununua kwa jirani ili kujaza meza, anahesabiwa kuwa mfanyabiashara. Na akikata, kupika au kufungasha kwenye chupa, anaingia kwenye kanuni za vyakula vilivyosindikwa: ukaguzi wa jiko, upimaji wa afya, lebo. Wengi huvuka mpaka huo bila kujua, kwa nia njema kabisa.

Wala si urasimu mtupu. Chukua hilo tikiti. Limelala ardhini wiki nyingi, na ganda lake, hasa likiwa la kukwaruza, hushika udongo na vijidudu kama Salmonella. Likiwa zima, ganda hilo ndilo kinga yake. Kisu kikipita, kinaburuta uchafu wa nje hadi kwenye nyama yenye maji, sukari na asidi kidogo. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria hustawi, na mazingira yakiwapendeza huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Sasa fikiria sahani ya vipande mezani tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Kama huna maji safi ya kuoshea tikiti kabla ya kulikata, wala namna ya kuweka vipande kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5, uza tikiti zima.

Achari inataka uangalifu zaidi. Bakteria wa Clostridium botulinum hutoa sumu inayoweza kuua, na hupenda mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa. Hawakui pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) ikiwa chini ya 4.6, ndiyo maana siki ya kutosha hulinda. Kwa ulimi huwezi kupima hilo. Inahitajika mita ya pH na kipimo cha viungo kisichobadilika. Vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye mafuta visifike mezani kabisa: mafuta huzuia hewa, na asidi hakuna. Mwambie mkeo asikate tamaa. Achari ifuate baadaye, ikiwa na kibali chake.

Kwa mazao mazima, mimi huuliza daftari kwanza. Lebo ya dawa ya wadudu hutaja siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, nazo hutofautiana kwa dawa na kwa zao. Andika tarehe, jina la dawa na tuta lililonyunyiziwa. Mboga za majani ndizo zinazonitia hofu, kwa sababu huchumwa mara kwa mara, na ni rahisi kusahau kwamba tuta lile lilipigwa dawa juzi. Mteja anakwenda kumlisha mtoto.

Ukiuza kwa uzito, mizani ya jikoni haifai. Tumia iliyohakikiwa na kupigwa muhuri wa vipimo. Kuuza kwa idadi au kwa fungu kwa kawaida kunakuepusha na hilo.

Halafu meza yenyewe. Umesema nje ya uzio, na ukanda huo mara nyingi ni hifadhi ya barabara, hata kama nyasi zake unazifyeka wewe. Isogeze ndani ya mpaka wako, mbali na kona, pawepo nafasi ya gari kusimama bila kubaki barabarani.

Ukienda ofisi ya serikali ya mtaa wako, beba picha ya mahali penyewe na orodha ya utakachouza, kila zao ukiandika kando yake “zima”. Waulize watu wa biashara, wa afya na wa barabara, kila mmoja kwa nafasi yake, na uombe majibu kwa maandishi.